Mdogo wangu alivunjwa mkono na polisi, na sasa tunaambiwa tunyamaze

Shikamoo Shangazi,

Nakuandikia kutoka Kisauni, Mombasa. Kila ninayemuuliza jambo hili hunijibu kwa kunong'ona, kisha hubadilisha mazungumzo. Ndiyo maana nimekuja kwako.

Mdogo wangu ana miaka 23, ni mtu wa bodaboda. Pikipiki yenyewe ni ya mkopo. Wiki tano zilizopita, usiku wa Jumanne mwendo wa saa nne, alikuwa stejini akingoja abiria wa mwisho. Gari la polisi likaja kwa msako. Wenzake walikimbia, yeye akabaki kwa kuwa alijua hana kosa. Alipouliza anakamatwa kwa nini, akajibiwa, "Utajua huko mbele." Akaanza kupigwa rungu pale pale, mbele ya kibanda cha mama muuza viazi karai, na kituoni akaendelea kupigwa. Kijana mmoja alijificha nyuma ya kibanda akarekodi kwa simu, kama nusu dakika hivi.

Askari walikuwa watatu. Wawili walivaa sare, lakini kifuani hapakuwa na jina wala nambari. Wa tatu alikuwa na nguo za nyumbani, na huyo stejini wanamjua kwa jina la utani.

Jumatano asubuhi nilikwenda kituoni na mama. Tukaambiwa hayupo. Jioni tukaambiwa yupo lakini "anahojiwa". Alhamisi tukaambiwa tulete shilingi 20,000 za dhamana. Tulilia shida mpaka zikashuka kufika 8,000, nikazituma kwa M-Pesa kwa nambari niliyopewa. Jina lililotokea ni la mwanamke nisiyemjua. Nilipoomba risiti niliambiwa nichague moja, risiti au mtu wangu. Ijumaa asubuhi akaachiliwa. Hakupelekwa kortini hata mara moja, na hakuna kosa aliloandikiwa.

Hospitali ya serikali walimpiga picha, wakakuta mfupa wa mkono wa kushoto umevunjika, wakamfunga plasta. Daktari ndiye aliyetuambia tutafute fomu ya P3, ile ya polisi ambayo daktari huandika majeraha ya mtu aliyeumizwa. Tukarudi kituo kile kile, na aliyekuwa kaunta akasema, "P3 ya kumshtaki nani? Mtuhumiwa haji hapa kuomba P3." Tukaondoka.

Wiki iliyopita yule wa nguo za nyumbani alipita stejini mara mbili akimuulizia. Halafu mzee wa mtaa akaja nyumbani na ujumbe kwamba kuna watu wako tayari kutoa 15,000 za dawa, ila tuandike karatasi kuwa yamekwisha. Mjomba anasema tuzichukue, mnyonge hana haki, na anayemshtaki polisi hubambikiwa bangi. Mama halali. Mdogo wangu mwenyewe hasemi neno. Akisikia gari limesimama nje, huingia chumba cha ndani.

Shangazi, tuna haki gani hapa? Tutashtaki wapi, ikiwa mahali pa kushtaki ni pale pale alipopigiwa? Wiki tano si tumeshachelewa? Na nikishtaki kisha wakamfanyia baya zaidi, nitaweza kujisamehe?

Dada mtu, Kisauni

Marahaba, mwanangu.

Nianze na jambo ambalo haliwezi kungoja. Zile 15,000 msizichukue, na karatasi hiyo msiitie sahihi, hata akija kuiomba mtu mnayemheshimu. Mzee wa mtaa akirudi, mpokee kwa adabu, mwambie familia bado inashauriana, basi. Akishaondoka, andika kwenye daftari amekuja siku gani, saa ngapi, amesema nini, na nani alikuwapo. Karatasi inayosema yamekwisha itakuwa ya kwanza kuonyeshwa siku mdogo wako atakapotaka kusikilizwa. Na fikiri hivi: mtu asiyekuwa na la kuogopa angetafuta kwa bidii namna hii karatasi kutoka kwa kijana wa bodaboda?

Barua yako nimeisoma mara tatu. Kila nikifika pale mama anapoambiwa "hayupo" na mwanawe yumo ndani ya ukuta ule ule, nasimama kwanza. Hilo nalo ni kosa, na mliandike katika malalamiko sawa na mtakavyouandika mkono uliovunjika. Kifungu cha 49 cha Katiba ya 2010 kinampa aliyekamatwa haki ya kuambiwa upesi, kwa lugha anayoielewa, kwa nini amekamatwa. Kinampa haki ya kunyamaza, na haki ya kuwasiliana na wakili na watu wengine ambao msaada wao anauhitaji. "Utajua huko mbele" si sababu ya kumkamata mtu.

Sasa tuhesabu saa, kwa sababu hapa wengi hukosea na polisi huwapata kwenye kosa hilo. Watu husema "saa 24" wakaishia hapo. Katiba inasema mtu afikishwe kortini haraka iwezekanavyo, na isizidi saa 24. Lakini saa hizo zikitimia korti ikiwa imefungwa, mwisho unasogea hadi kufungwa kwa korti siku ya kazi inayofuata. Mdogo wako alikamatwa Jumanne saa nne usiku. Saa 24 zilitimia Jumatano saa nne usiku, korti imefungwa. Kwa hiyo mwisho kabisa ulikuwa Alhamisi jioni, na yeye alitoka Ijumaa asubuhi. Hata ukiwahesabia polisi kwa ukarimu, walipitiliza. Ukihesabu kwa neno "haraka", korti ilikuwa wazi Jumatano kutwa na hakuna aliyempeleka. Iandike hesabu hiyo katika malalamiko kama ilivyo. (Ndiyo maana pia msako wa Ijumaa usiku ni mbaya sana kwa vijana wetu: anayekamatwa usiku huo anaweza kuwekwa ndani hadi Jumatatu jioni na bado polisi wakasema sheria wameifuata.)

Dhamana ya polisi haina bei. Mtu akiachiliwa kwa ahadi ya kurudi, halipi chochote. Akiachiliwa kwa dhamana ya pesa taslimu, lazima kuwe na stakabadhi rasmi ya Serikali, na pesa hizo hurudishwa. Pesa isiyo na stakabadhi, iliyotumwa kwa simu ya mtu asiyekuwa na kazi yoyote pale kituoni, sheria ina jina jingine kwa pesa hiyo. Ila hapa nenda polepole. Sheria ya Hongo ya 2016 humgusa anayetoa kama inavyomgusa anayepokea. Wewe ulitoa ukiambiwa ni dhamana, ukaomba risiti ukanyimwa. Eleza hivyo hivyo, bila kupunguza wala kuongeza, na kabla hujapeleka sehemu hiyo kwa Tume ya Maadili na Kupambana na Ufisadi, kaa na wakili akusomee maandishi yako. Ule ujumbe wa M-Pesa usiufute, na omba taarifa ya M-Pesa ya mwezi ule ingali inapatikana kwa urahisi.

Umeuliza tushtaki wapi. Si lazima pale kituoni. Kuna Mamlaka Huru ya Kuangazia Utendakazi wa Polisi, inayojulikana kwa jina la IPOA. Sheria iliyoiunda ni ya 2011, baada ya ghasia za uchaguzi wa 2007 kuonyesha wazi kwamba polisi hawawezi kuachiwa wajichunguze wenyewe. Ina ofisi hapo hapo Mombasa, na simu ya bure ni 1559. Malalamiko yanapokelewa kwa mdomo au kwa maandishi, na hulipi hata senti. Mtu akifa au akiumizwa vibaya mikononi mwa polisi, hiyo ni kazi yao hasa, na wana uwezo wa kuingia kituoni na kuchukua daftari la OB, yaani la matukio ya kituo, na la seli. Usivunjwe moyo na kwamba wewe huna nambari ya OB. Usiku ule jina la mdogo wako ama liliandikwa ama halikuandikwa. Likiwamo, linathibitisha alikuwa ndani mlipoambiwa hayupo. Lisipokuwamo, basi alizuiliwa mtu ambaye kituo hakikumwandika, na hilo ni zito zaidi.

Ndani ya polisi wenyewe kuna kitengo cha masuala ya ndani kinachopokea malalamiko ya raia. Sikikatazi, ila kwa jambo lenye mfupa uliovunjika, mimi ningeanza IPOA na kupeleka nakala kwa Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu, ambayo nayo ina ofisi Mombasa. Nakala mbili katika ofisi mbili. Faili lililo mahali pamoja hupotea, na anayetaka kulipoteza anajua aende wapi.

Kuchelewa hamjachelewa, lakini saa inakwenda. Malalamiko ya IPOA bado yako ndani ya wakati. Penye tarehe ya kuogopa ni fidia. Kesi ya kudai fidia kutoka kwa Serikali kwa kupigwa au kufungiwa isivyo haki ina miezi 12 tu tangu siku ya tukio. Nimeona familia zikingoja uchunguzi uishe kwanza, mwaka ukapita, mlango ukajifunga. Ombi la kikatiba kwa Mahakama Kuu halina mwisho wa namna hiyo, na Katiba yenyewe inasema kulianzisha hakutozwi ada, lakini jaji atauliza mlikuwa wapi muda wote huo. Kwa hiyo uchunguzi na fidia viende sambamba. Wakili msimkose kwa sababu ya pesa: Kituo cha Sheria, MUHURI na Haki Africa, mashirika ya kutetea haki za raia, wote wako Mombasa, na kazi kama hizi wamezifanya miaka mingi.

Sasa nije kwenye karatasi, na hapa nitakuchosha kidogo, kwa sababu kesi za watu wetu nyingi hufa hapa, kabla hata ya afisa yeyote kuulizwa swali.

Keti na mdogo wako siku atakapokuwa tayari, mwandike yaliyotokea kwa maneno yake. Malalamiko mengi huandikwa hivi: "Polisi walimpiga vibaya sana bila kosa na wakamnyanyasa." Ni kweli, lakini mchunguzi hana pa kuanzia. Liandike hivi: "Jumanne tarehe fulani nilikuwa nimeketi juu ya pikipiki yangu stejini, nikiangalia barabara. Gari la polisi lilitoka upande wa soko. Walishuka watatu. Aliyenipiga kwanza ni mrefu, ana kovu juu ya jicho, alishika rungu kwa mkono wa kushoto. Alinipiga mkononi nilipoinua mkono kujikinga kichwa." Rangi ya gari, herufi za nambari yake hata zikiwa mbili tu, neno askari mmoja alilomwita mwenzake, mlango alioingizwa, idadi ya waliokuwamo seli. Asilolikumbuka aseme halikumbuki. Akibahatisha moja likaonekana si kweli, watalishika hilo na kuyaacha tisa yaliyo kweli.

Halafu kuna saa. Sisi tunasema saa nne usiku, mwandishi wa maelezo anaandika kwa Kiingereza, na nimewahi kuona karatasi ambayo saa nne usiku iligeuka saa kumi alfajiri kwa sababu mtu aliandika 4 bila kufikiri. Wakili wa upande wa pili alipoliona alifurahi sana. Andika 22:00. Na maelezo yoyote yakiandikwa kwa Kiingereza, mdogo wako asitie sahihi mpaka asomewe kwa Kiswahili mstari kwa mstari. Akiona kosa lirekebishwe mbele yake. Ni haki yake, aisimamie hata kama anayeandika anatazama saa.

Sare bila jina wala nambari nalo liandikeni. Sheria ya Huduma ya Polisi inamtaka afisa aliyevaa sare awe na jina au nambari ya utumishi mahali panapoonekana. Jina la utani la yule wa tatu liandikeni pia, pamoja na majina ya watu wanaomjua kwa jina hilo. IPOA inaweza kutazama orodha ya waliokuwa zamu usiku ule, na jina la utani likipata mtu wa kulithibitisha huwa si la utani tena.

Ile video. Najua kijana aliyerekodi anatamani kuirusha WhatsApp, na pengine tayari imesharushwa. Mwambie asiikate, asiitie maandishi wala muziki, na asiifute kwenye simu iliyorekodi. Video inayopita mkono kwa mkono hupoteza tarehe yake na ubora wake, na kortini swali la kwanza huwa: nani alirekodi, kwa simu gani, tuione. Mtoe nakala mbili, moja kwa wakili, moja kwa mtu wa familia anayekaa mbali na Kisauni. Jina la kijana huyo msilitaje stejini. Na yule mama wa viazi karai, usimlazimishe. Muulize kwa upole kama yuko tayari kuzungumza na mchunguzi peke yake, mbali na kibanda chake. Akikataa, mwache. Ana watoto wa kulisha na kibanda chake kiko pale pale barabarani.

Kuhusu P3, aliyekuwa kaunta alikudanganya. Mdogo wako hana shtaka lolote, si mtuhumiwa. Na hata angekuwa nalo, mtuhumiwa aliyeumizwa ana haki ya kutibiwa na kuumia kwake kuandikwa. Fomu hiyo haiuzwi. Kunyimwa P3 ni lalamiko jingine: andika siku, saa na maneno yaliyosemwa. Waelezeni IPOA siku mtakapofika, wawasaidie kuipata. Wakati huo rudini hospitali mkachukue nakala ya kila kitu: kadi ya siku ya kwanza, picha ya mfupa, maandishi ya daktari. P3 inaweza kujazwa leo kwa kutegemea kumbukumbu hizo, ilimradi zipo. Majeraha yaliyobaki mwilini yapigwe picha sasa, kwenye mwanga wa mchana, na uso wake uonekane angalau katika picha moja. Wako pia madaktari wa IMLU, shirika linaloshughulika na waliopigwa na kuteswa na vyombo vya dola. Wanajua namna ya kuandika jeraha ili korti ilielewe.

Nimechelewa kufika kwenye hofu yako kwa sababu sikutaka kuigusa juu juu.

Mjomba wako hasemi uongo. Mwaka 2015 kijana wa bodaboda aitwaye Josephat Mwenda alipigwa risasi na askari, akapeleka malalamiko IPOA. Kesi zikaanza kumwandama yeye. Juni 2016, walipokuwa wakitoka kortini Mavoko, yeye, wakili wake Willie Kimani na dereva wao wa teksi, Joseph Muiruri, walitekwa wakauawa, miili yao ikapatikana mtoni. Siwezi kukushauri ushtaki polisi nikakuficha hilo. Usingenisamehe, na ungekuwa na haki.

Lakini lisikilize mpaka mwisho. Mawakili waliandamana nchi nzima. Kesi ilichukua miaka sita. Julai 2022 Mahakama Kuu iliwapata na hatia maafisa watatu wa polisi na mpasha habari wao, na Februari 2023 mmoja akahukumiwa kifo, wengine vifungo vya kati ya miaka 20 na 30. Na huku kwetu Pwani, Kinango, binti wa miaka 14 aliuawa kwa risasi na polisi nyumbani usiku, Agosti 2014. Watu wangapi walisema kesi hiyo itazikwa naye? IPOA ilichunguza, na Februari 2016 korti ya Mombasa iliwafunga maafisa wawili miaka saba. Ilikuwa hukumu ya kwanza kutokana na uchunguzi wa mamlaka hiyo. Ilitoka kwenye kijiji cha watu wasio na mkubwa wanayemjua.

Kwa hiyo usiniulize kama kuna hatari. Ipo. Kunyamaza nako kuna hatari: yule wa nguo za nyumbani anapita stejini hivi sasa, na nyinyi hamjashtaki. Kinachomzuia mtu kama huyo ni kujua kwamba wengi wanajua. Mkishapeleka malalamiko, wakili aandike barua kwa IPOA kueleza kwamba afisa anamfuatafuata mlalamishi, na barua itaje siku hizo mbili. Ombeni jina la mdogo wako liwe siri katika hatua za mwanzo. Akianza kutishwa waziwazi, IPOA au wakili wanaweza kuomba ulinzi kutoka kwa Shirika la Ulinzi wa Mashahidi, ambalo liliundwa kisheria kwa kazi hiyo.

Na mambo ya nyumbani. Asirudi steji ile kwa sasa. Kama kuna jamaa Kilifi au Voi akae huko wiki chache mkono upone. Asiende IPOA, hospitali wala kortini peke yake, na msitumie njia moja kila siku. Mtu wa tatu, si wewe wala mama, awe anajua mmekwenda wapi na mnarudi saa ngapi, na awe na nambari ya wakili. Habari ya kubambikiwa bangi ichukulie kwa uzito: pikipiki isiachwe wazi usiku, begi lake asiliache kwa mtu. Akikamatwa tena, asipigane, asikimbie, aseme jina lake kwa sauti ili waliopo wasikie, na aseme, "Nataka kumwita wakili wangu." Kisha anyamaze. Wewe utampigia wakili dakika hiyo hiyo, usingoje asubuhi.

Nimesema "mdogo wako" muda wote huu kana kwamba nazungumza na wewe tu. Ana miaka 23. Mwili uliopigwa ni wake, na uamuzi huu ni wake. Usiku mmoja, bila mjomba na bila mama, mkae wawili umsomee barua hii. Usimuulize anataka kushtaki. Muulize kwanza analala vipi. Anayejificha akisikia gari hajapona, hata plasta ikitolewa. IMLU wana washauri wa mambo hayo pia, na kwenda kwao hakumlazimishi kushtaki mtu. Akikwambia hawezi kwa sasa, mwandike tu yaliyotokea, mweke karatasi zote mahali salama, na ukumbuke ile miezi 12. Akikwambia anataka, shikeni njia pamoja.

Umeuliza kama utajisamehe. Mwanangu, si wewe uliyeshika rungu. Kwa yale waliyoyafanya watu wengine gizani, wewe huna msamaha wa kujiomba. Sheria ya Kuzuia Mateso ya 2017 inaweka hadi miaka 25 jela kwa afisa anayetesa mtu, na jina lako halimo humo.

Mama mpe salamu zangu, mwambie kukosa kwake usingizi nakujua. Mkifika IPOA mtapewa nambari ya malalamiko. Iandike mahali pawili, kisha niandikie uniambie mmepokewaje. Nitakuwa nikiitazamia barua yako.

Shangazi